Wino wa Bibi Delfa

Wanakuja dukani kwangu, Zagreb, ghorofa ya chini,
tramu ikipita vyupa vya wino vinatetemeka.
Huyu anataka msalaba wenye nanga: tumaini, anasema.
Yule wenye waridi, wa mke aliyemzika Novemba.
Kijana mnyanyua vyuma anataka wenye mbawa, mgongo mzima,
nikimuuliza mbawa za nini
anajibu, "Zinapendeza tu, dada."
Simcheki. Kupendeza nako ni maana.

Jumamosi napanda basi kwenda Bosnia,
juu kabisa, ambako Mto Vrbas bado ni mwembamba,
kumkata kucha bibi yangu,
miaka tisini na mmoja, asiyekubali mwingine amshike vidole.

Mgongoni mwa kila mkono, msalaba.
Ncha zake zimechipua vitawi vya msonobari,
kifundoni duru ya nukta, bangili isiyovulika.
Wino umetambaa chini ya ngozi,
mistari imesahau kingo zake.

"Bibi, maana yake nini?"
"Uliniuliza ukiwa na miaka sita."
"Ukanijibuje?"
"Nikakwambia umalize uji."

Kisha, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya beseni:
"Mama alisema ni kwa sababu ya Waturuki,
wasituibe, na wakituiba tujulikane.
Nyanya alisema upuuzi, ni kwa sababu ya majira ya kuchipua.
Padri alitusomea hotuba.
Mimi nilisema aaa! maana iliuma."

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, theluji ingali vivulini.
Binamu Stana na sindano ya kushonea magunia.
Masizi ya kuni za msonobari, yaliyokingwa kwa kipande cha bati,
asali kidogo,
na maziwa ya mama anyonyeshaye, bila hayo haushiki.
Mwaka ule upande wetu hapakuwa na mzazi hata mmoja.
Ng'ambo ya kijito, Hasnija alikuwa na kichanga, Rifat, wa wiki tatu.
Akaja mwenyewe, mtandio umelowa,
akageukia ukuta, akakamua kijikoni.
"Fanyeni upesi," akasema, "mwanangu asiamke."

Kijiko kimoja.
Wasichana saba.

Naweka mkasi chini.
Kwa dini ya Hasnija, walionyonya ziwa moja ni ndugu,
hawaoani, hawatupani.
Na aliyenyonya kwa ngozi, tone kwa tone, kwa ncha ya sindano?
Nani amepiga hesabu ya huyo?

"Mwaka wa tisini na tatu," nauliza, "kwenye kizuizi,
ulipovaa glavu za sufu mwezi wa Julai,
Rifat ndiye aliyekupitisha?"

"Rifat hakuwepo. Wewe unataka hadithi iwe na Rifat.
Alikuwepo kijana mwenye chunusi.
Akasema vua, nikavua.
Akatazama mikono, akatazama barabara.
Akanirudishia glavu moja.
Ya pili akabaki nayo."
"Ya nini, Julai?"
"Nilimuuliza mimi? Nilitembea."

Nambembeleza: mistari imefifia,
niiruhusu sindano yangu, dakika ishirini, haiumi siku hizi.
Anauchomoa mkono majini,
anaufuta kwenye aproni yangu, si yake.
"Acha uende unakokwenda," anasema.
Halafu anataka kujua kama nimekula.

Jumatatu, binti wa miaka kumi na tisa,
msalaba mdogo, nyuma ya kifundo, usio na kitu.
"Una maana gani huu?" ananiuliza, kana kwamba ninaziuza kwa kilo.
Nageuza chupa, nasoma kibandiko:
wino safi, hauna kitu cha mnyama,
hauna kitu cha binadamu.
"Bado," namwambia. "Lete mkono."